Sauti kutoka ng'ambo ya Ruvuma: uchambuzi wa kisa cha kipato kisichofungwa na mahali

Mpwa wangu ameniruhusu kuandika kisa chake kwa sharti moja: nisilitaje jina lake wala majina ya wateja wake. Sharti hilo nimelipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu usiri ndio uti wa mgongo wa kazi anayoifanya, kama msomaji atakavyoona huko mbele. Mimi ni mjomba wake. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama, na hivyo mambo ya kijana yanapoharibika au yanaponyooka, mjomba ndiye anayeitwa kwanza. Zaidi ya hayo, nimetunza hesabu za chama cha msingi cha ushirika huko Newala kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenizoesha kuandika kila kilo ya korosho inayoingia ghalani na kila shilingi inayomrudia mkulima. Mpwa alipoanza kulipwa na watu ambao hajawahi kuwaona, nilimwomba tufungue daftari, naye hakukataa. Tarakimu za mapato nitakazozitaja zimo ndani ya daftari hilo.

Kwa ufupi, huyu ni kijana anayeishi kwa kunukuu na kutafsiri sauti zilizorekodiwa upande wa pili wa Mto Ruvuma, yaani Msumbiji: mahojiano ya watafiti, mikutano ya vijiji, maelezo ya watu waliokimbia makazi yao. Sauti humfikia kwa mtandao, akazisikiliza, akaandika kilichosemwa, akakitafsiri, akarudisha maandishi na kulipwa. Hufanya hivyo akiwa Mtwara mjini, na msimu wa korosho unapofika huhamia Newala kwa mama yake, na kazi ikahamia naye. Vijana wengi wa huku wanatamani kipato cha namna hii, na wanaambiwa kwamba njia yake ni kufuata wanachokipenda. Kisa cha mpwa wangu kina mikunjo zaidi ya hapo, kwa sababu alichokipenda kilimpa jicho na subira, lakini kilichomlipa ni kitu alichokuwa akikificha.

Lugha iliyokuwa aibu

Mama yetu alivuka Ruvuma akitokea Mueda mwaka 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza, kaka yetu mkubwa akiwa mgongoni. Mimi na dada yangu tulizaliwa upande huu. Baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975 baadhi ya ndugu walirudi, na kaka alipokua naye akaenda kuweka makazi Pemba; nasema Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado, si kisiwa cha karafuu. Mwaka 2003 shemeji yangu alipofariki na dada akabaki na watoto wanne, kaka alimchukua mdogo wao, aliyekuwa na umri wa miaka saba, akaenda kumsomesha huko.

Kijana alikaa Pemba miaka minane. Darasani alisoma kwa Kireno. Nyumbani alizungumza Kimakonde cha Mueda, ambacho wenyewe huko hukiita Shimakonde ilhali sisi wa Newala tunasema Chimakonde, na tofauti hiyo ya shi na chi ni mlango tu wa tofauti nyingine nyingi za maneno na lafudhi. Jioni alicheza mpira na watoto wa wavuvi wa Paquitequete, mtaa wa ufukweni wenye Kimwani chake, lugha ya pwani iliyo jirani sana na Kiswahili, kiasi kwamba msikilizaji wa Mikindani hudhani anaielewa yote mpaka anapoombwa arudie alichosikia.

Aliporudi Mtwara mwaka 2011 alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na Kiswahili chake cha darasani kilikuwa dhaifu. Aliwekwa pamoja na watoto wadogo kwake, nao wakamwita Mreno. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2016 akiwa mtu mzima, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akitamka neno la Kireno mbele ya watu. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa hata mimi nilikiona Kireno chake kama kilema cha elimu yake, kitu cha kusubiri kisahaulike.

Kamera na karatasi ya ridhaa

Alichokipenda kwa dhati kilikuwa picha. Mwaka 2017 alinunua kamera ya mtumba kwa fedha za korosho za mama yake, na kwa miaka miwili alipiga harusi za Magomeni na Chikongola, mitumbwi ya Mikindani, boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, mchanga wa Msimbati, na zaidi ya yote ngoma ya mapiko, ile ya Wamakonde inayochezwa kwa vinyago. Harusi zilimlipa chakula. Matumaini yake makubwa yalikuwa kwingine: apakie picha kwenye tovuti za kuuzia picha, mtu aliye Marekani au Ujerumani azinunue, na fedha ziingie hata akiwa amelala.

Alipakia picha 412, na kwa miaka miwili hazikumwingizia hata dola arobaini. Sababu ya kwanza ni wingi, kwani picha za fukwe na machweo zimejaa duniani kote, na mnunuzi wa mbali hana namna ya kujua kwamba machweo ya Msimbati yana jambo la pekee. Sababu ya pili inahitaji maelezo zaidi. Tovuti hizo hudai ridhaa ya maandishi ya kila mtu anayeweza kutambulika, ikiwa picha itatumika kwenye matangazo ya biashara. Picha isiyo na ridhaa huwekwa katika kundi la matumizi ya habari, ambalo wanunuzi wake ni wachache. Kwa hiyo kijana alichapa karatasi za ridhaa akaenda nazo kwa mzee wa ngoma, na siku hiyo tulifuatana.

Mzee alikuwa amekaa juu ya mkeka, kinyago kikiwa mapajani mwake kimefunikwa kitambaa. Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza, akaiomba karatasi, akaitazama, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa jina na kuuliza ni jina la nani linalotakiwa pale. Mpwa akajibu kwamba ni la mchezaji. Mzee akaikunja karatasi mara mbili, akamrudishia, akasema, "Lipiko halina jina, mwanangu. Ukiliandika jina lake umelivua mbele ya watoto." Lipiko ni mchezaji aliyevaa kinyago, na kwa desturi ya mapiko aliye ndani yake hatajwi mbele ya wanawake wala mbele ya wale ambao hawajapita jandoni, na karatasi ile ilikuwa inaomba hasa hicho kisichotajwa.

Tulirudi kimya. Nilimshauri siku hiyo aiache kamera akaombe ukarani wa msimu kwenye ghala la korosho, na leo nakiri kwamba ushauri ule ulikuwa mbaya, ingawa nilikuwa sahihi kuhusu picha. Alikuwa akitaka kuuza kitu ambacho si mali yake peke yake, tena katika soko ambalo maelfu ya watu wana kitu hicho hicho. Hata hivyo miaka ile miwili haikupotea. Kwa ajili ya kuhariri alikuwa amenunua kompyuta mpakato, amejifunza kukaa saa sita na hedifoni masikioni, kuyapanga mafaili kwa tarehe na kwa majina, kuweka nakala mahali pawili, na kukabidhi kazi siku aliyoahidi. Hakuna aliyemlipa kwa mazoea hayo wakati ule.

Harusi ya Desemba 2019

Mwezi huo alipewa kazi ya kurekodi harusi Mtwara mjini, na bibi harusi alikuwa na asili ya Pemba. Ndugu wengi wa upande wake hawakuweza kusafiri, hivyo walitaka kutumiwa video. Walikubaliana shilingi 150,000. Kijana alipokaa kuhariri aliona kwamba hotuba za wazee zilikuwa za Kimakonde na Kimwani, na kwamba nusu ya watazamaji wa upande huu wasingeelewa, na vijana wa Pemba waliokulia kwenye Kireno vilevile wasingeelewa. Bila kuombwa, aliandika maneno ya hotuba hizo chini ya picha kwa Kiswahili, kisha akatengeneza nakala ya pili yenye Kireno. Ilimchukua usiku nne.

Niliitazama nakala ya Kiswahili nyumbani kwa dada yangu. Shangazi wa bibi harusi alisema kwamba anampa binti yake capulana mbili, moja ya kuvaa na moja ya kumbebea mtoto. Mtafsiri wa haraka angeandika kanga. Mpwa aliandika vitenge, na nilipomuuliza alinijibu kwamba kanga yetu ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na anayempa mtu kanga amempa na maneno, wakati capulana huwa ni nguo na maua yake tu. Kwa hiyo angeandika kanga, watu wa Mtwara wangeanza kuuliza imeandikwa nini. Nilimtazama kijana huyu kama mtu niliyekuwa sijamwona. Alikuwa amekaa na ujuzi huo tangu utotoni, na sisi tuliomlea tulikuwa tukiusubiri uishe.

Mmoja wa ndugu wa bibi harusi alikuwa msaidizi wa mtafiti wa chuo kikuu cha Ulaya. Safari za kimataifa zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, mtafiti hakuweza kuja Cabo Delgado, lakini wasaidizi wake waliendelea kurekodi mahojiano, na rekodi zikarundikana bila mtu wa kuziandika. Yule ndugu aliikumbuka video ya harusi, na mwezi Aprili 2020 mpwa wangu alipokea ujumbe akiulizwa kama anaweza kufanya mahojiano 14, na kwa bei gani.

Bei ya dakika moja

Hapa ndipo hesabu zangu zilipofaa kitu. Mahojiano yale yalikuwa na jumla ya dakika 700 za sauti. Kijana alitaja bei kama mpiga picha wa harusi, kwa kubuni jumla inayosikika kubwa, akaomba shilingi 350,000, na mteja akakubali papo hapo. Alifurahi sana. Mimi nilimwomba aandike kila siku saa alizokaa kwenye kompyuta, na mwishoni tukajumlisha: dakika moja ya sauti ilimchukua wastani wa dakika nane kuisikiliza, kuirudia, kuiandika na kuitafsiri, hivyo kazi nzima ilikula saa 93. Ukigawa, unapata shilingi 3,760 kwa saa. Harusi ya shilingi 150,000, yenye siku mbili za kupiga na tatu za kuhariri, kama saa 40 hivi, ilimpa shilingi 3,750. Kazi ya ng'ambo ilikuwa imemzidishia shilingi kumi kwa saa, kabla ya kutoa fedha za bando.

Mtu wa korosho anakitambua kisa hiki mara moja. Kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hupimwa na kuuzwa kupitia ghala, na ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008, na hata leo pale usimamizi unapolegea, mkulima mwenye njaa ya Februari huuza korosho ambazo mkorosho haujazitoa, na hupimiwa kwa kangomba, chombo cha mnunuzi, ambacho hujaa zaidi ya kilo na kulipwa kama kilo. Ubaya wa kangomba hauko kwenye bei tu. Uko kwenye kukubali kipimo cha mwenzako. Mpwa alikuwa ameuza bila kipimo kabisa. Nilimwambia atafute mizani ya kazi yake, naye baada ya kuuliza kwa wenzake mtandaoni akagundua kwamba mizani ipo siku nyingi, nayo ni dakika ya sauti. Kwa kazi iliyofuata alitaja dola 1 kwa dakika ya Kireno au Kiswahili, na dola 1.50 kwa dakika ya Kimakonde au Kimwani. Wakati huo dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Alituma ujumbe huo mkono ukimtetemeka, kwa sababu kwa upande wa Kimakonde alikuwa amepandisha bei karibu mara saba. Mteja alijibu ndani ya saa mbili kwamba bei hiyo inaingia kwenye bajeti yake.

Kulipwa kulikuwa na matatizo yake. Njia ambayo mteja aliizoea haikuruhusu akaunti iliyofunguliwa Tanzania kupokea fedha, ikaruhusu kutuma na kununua tu, hivyo malipo mawili ya kwanza yalipita kwa jamaa aliye Nairobi, na yalichelewa wiki tatu. Baadaye alifungua akaunti ya Payoneer inayohamishia fedha benki ya hapa, yenye makato lakini isiyotegemea hisani ya mtu. Alichukua pia namba ya mlipakodi, kwani mkazi wa Tanzania hutakiwa kulipa kodi hata kwa mapato yanayotoka nje ya nchi, na nisingependa mtu wa ukoo wangu aje kustushwa na deni la miaka mitano.

Mwaka 2022 daftari linaonyesha kazi 11 na jumla ya shilingi 8,640,000. Katika hizo, 4,100,000 zilitoka kwa mteja mmoja, jambo ambalo nililizungushia wino mwekundu. Januari na Agosti hakukuwa na kitu, kwa kuwa vyuo vya Ulaya hupumzika Agosti na huchelewa kuamka baada ya mwaka mpya. Lakini tulipoziweka kalenda mbili pamoja, ya wateja na ya korosho, tuliona jambo lililonifurahisha kuliko jumla yenyewe. Kazi za sauti huwa nyingi kuanzia Februari hadi Juni, miezi ambayo kaya ya mkulima huwa imeishiwa. Fedha za korosho huanza kuonekana Novemba na Desemba, wakati wateja wanafunga mafaili. Dada yangu hajauza korosho kwa kangomba tangu mwaka huo.

Sauti anayoifahamu

Mashambulizi ya Cabo Delgado yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Oktoba 2020 yalivuka mto hadi kijiji cha Kitaya, upande wetu. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na maelfu ya watu wakakimbia kwa miguu na kwa boti. Kuanzia katikati ya mwaka huo, sehemu kubwa ya sauti alizoletewa mpwa wangu zilikuwa za watu hao. Walichosema sikijui. Alikuwa ametia saini hati ya kutunza siri, mafaili yake yana nywila, na hata mimi mjomba wake sijawahi kusikia sentensi moja.

Ninachokijua ni kwamba usiku mmoja wa Septemba 2021 alifika Newala kwa basi la mwisho bila mzigo wowote. Alikaa barazani, akakataa chakula, na baada ya muda mrefu akasema, "Mjomba, kuna sauti naifahamu." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Baadaye alinieleza upande wa kazi tu: alikuwa amefika dakika ya kumi na mbili ya rekodi, akasimamisha, akamwandikia mteja kwamba anamfahamu msemaji na hivyo haifai yeye kuendelea kusikiliza. Mteja aliliondoa faili, akamshukuru, akamwambia apumzike. Alipumzika siku tisa, akiokota korosho na mama yake.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Nguvu ya kijana huyu ni kwamba alikulia mle mle, anazijua njia, samaki, matusi na matani ya watu wale. Mtaalamu wa Lisbon hawezi kumfikia hapo. Lakini mtu anayelipwa kwa sababu ya mahali alikokulia analipwa pia kwa kulisikiliza jeraha la mahali hapo, na hakuna bei ya dakika inayolihesabu hilo. Mwili wake uko Newala penye usalama, sikio lake liko ufukweni Paquitequete ambako boti za waliokimbia zilishukia. Tuliweka utaratibu ambao anaufuata hadi sasa: sauti za namna hiyo zisizidi dakika ishirini kwa siku, asizisikilize usiku, na mtu wa nyumbani awepo, hata kama anapika tu chumba cha pili. Wateja wapya huambiwa mapema kwamba kazi hizo huchukua siku nyingi zaidi. Wawili waliondoka kwa sababu hiyo, na sikuona hasara.

Mashine, waya na barabara

Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi kwa lugha nyingi, Kireno kikiwa miongoni mwa zile inazoziweza vizuri, na Kiswahili ikikiweza kwa kiasi. Miezi michache baadaye mteja mkubwa alimwambia mpwa kwamba rekodi za Kireno zitapitishwa kwanza kwenye mashine. Dakika za Kireno zilikuwa karibu mbili ya tano ya kazi yake ya mwaka 2022. Mwaka 2023 zilikauka, na jumla ya mwaka ikashuka hadi shilingi 6,180,000. Kimakonde na Kimwani havimo katika lugha za programu hiyo. Lugha ya shule, ambayo kaka yetu aliigharimia ada, ndiyo iliyoshuka bei kwanza. Lugha za barazani na ufukweni, ambazo hakuna aliyezilipia, ndizo zilizobaki na thamani.

Alipata pia kazi ya kusahihisha maandishi ya mashine kwa nusu ya bei. Wazungumzaji wa Cabo Delgado huanza sentensi kwa Kireno na kuimaliza kwa Kimakonde, na mashine ikifika hapo hainyamazi, huendelea kuandika Kireno safi ambacho hakuna aliyekisema. Asiyejua lugha hizo hawezi kuligundua kosa hilo, maana sentensi inasomeka vizuri kabisa. Kwangu mimi, hili ndilo jambo la kuogofya zaidi katika habari nzima ya mashine.

Mei 2024 ilikuwa mtihani mwingine. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na betri ya kompyuta aliyoiagiza ikakwama upande wa pili. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika na mtandao wa nchi nzima ukazorota. Jirani yake anayefundisha lugha kwa video alipoteza vipindi vya siku kadhaa, kwa kuwa mwalimu wa moja kwa moja asipoonekana saa ile, saa imekwenda. Mpwa alikuwa amekwishapakua sauti za wiki mbili. Aliandika kwa umeme wa sola wa Newala, mtandao uliporudi akatuma kazi yote siku moja kabla ya tarehe aliyoahidi. Kwa mtu anayekaa mwisho wa waya kama sisi, kazi inayoweza kukaa ndani ya kompyuta bila mtandao ina uhuru mkubwa kuliko ile inayodai sura yako saa maalumu, na vijana wanapochagua watafanya vizuri kuliangalia hilo kabla ya kuangalia malipo.

Ndanda

Machi 2023 dada yangu alianguka akavunjika nyonga, akalazwa Ndanda, hospitali ya misheni iliyo njiani kati ya Masasi na Mtwara. Wauguzaji wa kiume si wengi kwenye wodi zetu, kwa sababu wanaume huwa wamebanwa na kazi mahali fulani. Mpwa alikaa naye siku 23. Alipanga chumba karibu na hospitali. Asubuhi alimpelekea mama yake uji, akamgeuza, akafua, mchana akafanya kazi, jioni akarudi wodini. Katika siku hizo alimaliza dakika 420 za Kimakonde, rekodi za mikutano ya wakulima zisizo na machungu, zilizomletea dola 630, takribani shilingi 1,470,000, na gharama za matibabu zikalipwa kutoka humo.

Nilipowatembelea nilimkuta dada amelala, kijana ameketi chini ya mwembe nje ya ua, kompyuta mapajani, sikio moja limefunikwa na hedifoni na jingine wazi ili amsikie muuguzi akiita. Wenzake waliomaliza naye shule wako Dar es Salaam na mama zao wako huku, na simu ya msiba huwafikia wakiwa Mbagala wanatafuta nauli. Wanaozungumzia kipato kisichofungwa na mahali hutaja fukwe za mbali na safari za ndege. Kwa mtu wa Mtwara, thamani yake niliiona pale chini ya mwembe: kijana hakulazimika kuchagua kati ya mshahara na mama yake.

Kamera bado anayo, na harusi bado anapiga, mbili au tatu kwa mwaka. Mwishoni mwa 2024 alirudi kwa yule mzee wa mapiko, safari hii akiwa na kinasa sauti tu na bila karatasi yoyote. Mzee alimuuliza kama kitu hicho kinapiga picha, akaambiwa hapana. Akauliza sauti itauzwa wapi, akaambiwa haitauzwa, itaandikwa kwa Chimakonde na Kiswahili na nakala italetwa hapa hapa. Ndipo mzee akaanza kueleza nyimbo moja baada ya nyingine. Sauti hiyo nayo imo kwenye daftari, kwa mwandiko wa mpwa mwenyewe: dakika 47, Chimakonde cha Newala, na kwenye safu ya bei amepiga mstari.